Nyuzi za Marehemu Trask

Kitu cha kwanza Coralie alichokiona kwa mzee yule ni kidole. Kila alipoletewa chai, kabla hajaonja hata tone, alikiinua kikombe kwa mkono wa kushoto, akakigonga ukingoni kwa ukucha wa kidole cha kati, ting, kisha akatega sikio kama mtu aliyebisha hodi anayengoja kuitikiwa. Kikombe kikiitika vizuri, alikunywa. Kisipoitika, alikirudisha mezani taratibu, akaomba kingine.

"Kizima hiki, bata," alimwambia Coralie Jumanne moja, akatabasamu.

Burslem, mji wa wafinyanzi huko Uingereza, kila mtu ni bata: mkubwa, mdogo, askari, mchungaji wa kanisa. Ndivyo wanavyoitana kwa upendo, na hakuna anayekasirika. Coralie aliinamisha kichwa, akarudi kwenye meza yake ya kazi.

Mzee aliitwa Selwyn Tams. Alikuwa ametumikia miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kugonga na kusikiliza. Sahani nzima hulia kama kengele. Yenye ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, hulia pu, kama umegonga mkate. Kiwanda kilifungwa zamani na mashine zikauzwa, lakini kidole hakikuletewa barua ya kustaafu.

Coralie mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alifanya kazi kwa Glenys Machin, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na mdomo usio na breki, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza redio, vinanda na amplifaya. Mikono ya Coralie ilikuwa hodari sana. Aliweza kulehemu waya mwembamba kama unywele huku akiangalia dirishani. Kilichomshinda ni kusema. Mpiga kinanda mmoja wa kanisani aliyedhani yeye ni bubu alizungumza naye kwa ishara za mikono wiki tatu nzima, na Coralie, kwa kuona haya kumsahihisha, naye akamjibu kwa ishara.

Jumanne hiyo Selwyn alikuwa amekuja na kigari cha kusukuma. Ndani yake mlikuwa na amplifaya mbili, moja kubwa kama kabati na nyingine ndogo, na juu yake gitaa la besi ndani ya sanduku lililochubuka pembe zote.

"Leo nini tena, Selwyn?" Glenys aliuliza. "Si juzi tu nimekubadilishia soketi?"

"Royston anataka kunitoa."

"Kukutoa wapi?"

"Kwenye bendi."

"Bendi gani? Yako?"

"Yangu! Niliyoianzisha mimi, kwenye gereji yangu, kwa birika la chai la marehemu mke wangu. Miaka kumi na tisa, Glenys! Leo huyo Royston, mpiga kinanda tu, ananiambia nimepitwa."

Bendi yenyewe ilikuwa ya kuiga. Haikuwa na wimbo wake hata mmoja. Ilipiga nyimbo za Hollinwater tu, wale vijana wa zamani waliovaa majoho na kutunga nyimbo ndefu zinazogeuka katikati kama hali ya hewa. Selwyn na wenzake walizipiga kama zilivyo kwenye santuri, bila kuongeza wala kupunguza. Hata kile kikohozi kinachosikika mwanzoni mwa upande wa pili, mpiga ngoma alikikohoa mahali pake. Mwezi uliofuata ungekuwa mwaka wa hamsini tangu itoke ile santuri yao kubwa, na bendi ilikuwa imekubaliwa kuipiga yote katika ukumbi wa Hanley, mji wa jirani, mbele ya watu mia nane.

"Royston ana mpwa wake," Selwyn aliendelea. "Ashden. Kijana mzuri, sina neno naye. Ana kisanduku kidogo kama mkate. Anabonyeza, kinatoa sauti ya Trask. Anabonyeza tena, kinatoa ya mwingine. Royston kasema Jumapili saa tisa tushindanishwe klabuni. Atakayekuwa na sauti ya Trask ndiye ataenda Hanley."

"Na wewe huna?"

"Royston anasema besi yangu inalia kama kochi linaloteremka ngazi."

"Ndivyo inavyolia."

"Glenys! Wewe uko upande gani?"

"Upande wa kochi. Haya, tandaza vitu vyako hapa, bata, tuone mgonjwa anaumwa wapi."

Desmond Trask ndiye aliyepiga besi ya Hollinwater, na wapenzi wake wangekesha wakibishana juu ya sauti yake. Besi za watu wengine hukaa chini ya wimbo kama msingi wa nyumba, hakuna azionaye. Ya Trask ilikuja mbele na meno yake. Chini ilinguruma kama lori linalopanda mlima, na juu ilimetameta kama visu vinavyomwagwa kwenye sinki la bati, yote mawili kwa pumzi moja.

Namna ya kuipata haikuwa siri, na Selwyn aliijua kuliko wengi. Gitaa lile lilikuwa na sumaku mbili chini ya nyuzi, moja karibu na shingo na nyingine karibu na mkia, kila moja na waya wake. Ya shingoni ilipelekwa kwenye amplifaya kubwa, nayo ikatoa sauti nene na safi. Ya mkiani ilipelekwa kwenye amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho, ikateseka, ikakwaruza. Sauti mbili zikakutana hewani. Halafu mkono. Trask alicharaza kwa kipande cha plastiki, lakini alikishika karibu na ncha kiasi kwamba nyama ya kidole gumba iligusa uzi mara tu baada ya plastiki. Selwyn alijifunza hilo kwa kutazama picha moja kwa miezi minane, na sasa gumba lake lilikuwa gumu upande mmoja kama kisigino.

Zaidi ya hayo, kila kitu chake kilikuwa cha mwaka ule ule wa santuri: amplifaya zote mbili, balbu zilizomo ndani yake, spika. Hata waya ulikuwa wa mwaka ule, umeviringishwa utepe mara tisa.

"Sasa nieleze," alisema Selwyn, huku akijivisha gitaa. "Kila kitu ni chenyewe. Kwa nini sauti siyo yenyewe?"

Akapiga. Karakana ikajaa mngurumo, mzito, mpana, usio na meno.

"Kochi," alisema Glenys.

Jumatano walifungua amplifaya kubwa. Glenys alipima hiki na kile, akaguna, akaweka balbu za akiba, akazitoa. Coralie alilehemu upya viungo vinne vilivyolegea. Selwyn akapiga.

"Kochi limepata mto mpya," Glenys akasema. "Lakini bado liko ngazini."

Alhamisi walifungua ile ndogo. Wakaweka santuri ya Hollinwater kwenye mashine, wakasikiliza "Harusi ya Mfalme wa Barafu", wimbo wa dakika ishirini na nne unaojaza upande mzima. Wakausikiliza tena. Selwyn alipiga sambamba na santuri, macho kayafumba, na hapo tofauti ikawa wazi kama mchana. Vidole vilikuwa vile vile, mwendo ule ule, hata pale Trask alipovuta pumzi Selwyn naye alivuta. Lakini besi ya santuri ilikuwa imeamka, na ya Selwyn ilikuwa bado kitandani.

Coralie alisikiliza kutoka kwenye meza yake. Alikuwa na masikio ya kwao. Watu wake walikuwa watu wa bembea, wanaohama na bembea zao za maonyesho kutoka mji hadi mji, wiki hapa, wiki kule, na kwa sababu hiyo shule ilikuwa kwake mlango wa kupitia tu. Alipofika darasa la tano aliuacha ukajifunga wenyewe. Kusoma alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Lakini tangu utotoni alilala kando ya jenereta, akijua kwa mlio wake kama mafuta yamepungua au mkanda umelegea, kabla baba hajaamka.

Sasa masikio hayo yalimwambia kwamba ugonjwa hauko ndani ya amplifaya. Uko kabla yake.

Jioni ya Alhamisi, Selwyn alipokwenda kunawa mikono, Coralie alichukua kitambaa akalisogelea gitaa. Aliinamia nyuzi. Zilikuwa nyeusi kama kamba za viatu. Akanyoosha kidole.

"Usiguse!"

Coralie aliruka. Kitambaa kikaanguka.

"Si kosa lako, bata, si kosa lako," Selwyn alisema, akija mbio na mikono inachuruzika maji. "Hukujua. Lakini hizo ni nyuzi za Trask."

"Za nani?" Glenys akauliza.

"Za Trask mwenyewe! Gitaa hili nililinunua kwa mjane wa mtu aliyekuwa akibeba vyombo vya Hollinwater. Ni gitaa la akiba la Trask. Alilipiga onyesho la mwisho, akalirudisha sandukuni, akafa. Nyuzi hizi zina jasho lake, Glenys. Sijazibadilisha hata moja. Siku zote nasema, vingine vyote vikiharibika, nyuzi ninazo."

Glenys alivua miwani, akaivaa tena. Selwyn alilifuta gitaa mgongoni tu, akiziepuka nyuzi kama mtu anayefuta vumbi karibu na mtoto aliyelala.

"Jumapili wakinitoa," alisema bila kumtazama mtu, "sijui Alhamisi zangu nitazipeleka wapi. Alhamisi ndiyo siku yetu ya mazoezi. Nyumbani pale kimya ni kingi, jamani."

Usiku ule, katika nyumba ya magurudumu aliyoishi nyuma ya yadi ya shangazi yake, Coralie alijisemesha maneno. *Mjomba Selwyn, nyuzi zako zimekufa.* Hapana, hivyo ni kumuua mzee. *Mjomba Selwyn, samahani, nadhani nyuzi.* Kwao kila mwanamume mzima ni mjomba, na mjomba hasahihishwi na binti. Tena atamsahihishaje mtu kwa kitu anachokipenda hivyo? Ijumaa alifika kazini na maneno yake tayari mdomoni, Selwyn akaingia, akasema "Habari yako, bata," na maneno yote yakatawanyika kama kuku.

Ijumaa ikapita. Glenys alibadilisha spika. Kochi.

"Selwyn," alisema Glenys alipokuwa anafunga mlango, kwa sauti ya chini ambayo Coralie hakuwahi kuisikia kwake, "labda umpigie simu Royston. Umwambie unajitoa mwenyewe. Kuna heshima katika hilo."

"Heshima siyo besi," alijibu Selwyn, akasukuma kigari chake kitupu kwenda nyumbani.

Jumamosi Coralie alifika wa kwanza. Njiani alipitia dirishani kwa mama wa chapati za oti, akanunua sita zenye jibini na nyama ya nguruwe, akazifunga kwenye gazeti. Kisha akafanya jambo alilolifikiria usiku kucha. Kwenye rafu ya juu alichagua vikombe viwili, pacha, vya maua ya bluu. Kimoja kilikuwa kizima. Kingine kilianguka majira ya baridi yaliyopita, na tangu hapo kiliwekewa kalamu tu. Nje hakikuonyesha hata mstari. Aliviosha, akavikausha, akaviweka mbele ya kiti cha Selwyn, na kando yake akalilaza gitaa.

Selwyn alipofika, Glenys akiwa tayari ameanza chapati, alikuta vikombe vitupu.

"Ee, kulikoni? Leo chai ya hewa?"

Coralie alikuwa amesimama, mikono nyuma. Alikinyooshea kidevu kikombe cha kwanza.

Mzee alimtazama, akamtazama Glenys, Glenys akainua mabega. Basi akakigonga. *Ting.*

"Kizima."

Coralie akakinyooshea kidevu cha pili. *Pu.*

"Hiki kimekufa," alisema Selwyn papo hapo. "Tupa. Kizuri kwa macho, lakini kimekufa. Mbona mnanijaribu leo? Nimeanza kazi upya?"

Coralie hakucheka. Akanyoosha kidole chake mwenyewe, akakielekeza kwenye uzi mnene wa gitaa. Hakuugusa.

Nje lori la takataka lilikuwa linarudi nyuma likilia pip-pip. Selwyn aliutazama uzi ule muda mrefu. Halafu, polepole, akaukunja ukucha wa kidole cha kati, kama alivyofanya kwa maelfu ya sahani, akaugonga.

*Pu.*

Akagonga wa pili. *Pu.* Wa tatu, wa nne. Aligonga zote nne, akarudi mwanzo akagonga tena, kama bado kuna hata mmoja ambao ungemhurumia.

"Miaka thelathini na moja," alisema mwishowe. "Miaka thelathini na moja nawarudishia watu sahani zao. Hii hapana, hii hapana, hii ina ufa. Na hii niliyokuwa nayo shingoni sijaigonga hata siku moja."

"Kwa sababu uliipenda," alisema Glenys.

"Kwa sababu mimi ni mpumbavu."

"Hilo nalo."

Hapo Coralie alisikia sauti ndogo, na ilimchukua muda kujua ni yake.

"Zilikuwa mpya, mjomba."

"Unasemaje, bata?"

"Mwaka ule. Zilikuwa mpya. Kila kitu kilikuwa kipya. Kwetu... sisi tuna farasi wa mbao. Wa bembea. Babu wa babu yangu ndiye aliyewanunua. Watu wanakuja wanasema, wako vile vile tangu nilipokuwa mtoto. Lakini kila majira ya baridi mama anawakwangua, anawapaka rangi upya. Tungewaacha, wangekuwa kuni. Wako vile vile kwa sababu hatuwaachi."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema katika karakana ile kwa mwaka mzima na miezi miwili. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Glenys alikuwa na chapati mdomoni, amesahau kuitafuna.

Selwyn alikohoa. "Trask alibadilisha nyuzi kila onyesho," alisema, kama mtu anayekumbuka jina la jirani. "Imeandikwa nyuma ya santuri. Nimeisoma mara mia. Wamemshukuru fundi wa nyuzi. Nikawa najiuliza, fundi wa nyuzi wa nini?"

Glenys alicheka mpaka chapati ikampalia, na Selwyn ikabidi ampige mgongoni, naye anacheka, na Coralie aligeukia ukutani akicheka kifuani bila sauti.

Kuzitoa nyuzi za zamani, Selwyn hakukubali mtu mwingine azitoe. Alilegeza uzi mmoja mmoja kwa mikono yake, akauviringa mviringo mdogo, akauweka kwenye kopo la biskuti lenye pamba. "Pumzika sasa, Des," alisema, akafunga kifuniko. "Umenipigia zamu ya ziada."

Glenys alikuwa na nyuzi mpya za chuma droo ya chini. Ziling'aa kama zimetoka mvuani. Coralie alizifunga, akazikaza, Selwyn akajivisha gitaa, akakishika kipande chake cha plastiki karibu na ncha, akapiga sauti moja tu, ya chini kabisa.

Vikombe vilivyokuwa juu ya rafu viliitika vyote pamoja.

Lori lilikuwa linapanda mlima, na visu vyote vya Burslem vilikuwa vinamwagwa sinkini. Sauti ilikuwa na tumbo na ilikuwa na meno. Selwyn aliacha mkono hewani, mdomo wazi, akaiacha iende hadi ikaisha yenyewe.

"Huyo," alinong'ona. "Huyo hapo."

"Kochi limefika chini salama," alisema Glenys, akijifuta macho kwa ukingo wa aproni.

Selwyn akanyanyua mkono apige tena. Coralie akamdaka kifundo cha mkono.

"Mjomba, usipige."

"Nisipige? Bata, nimengoja miaka kumi na tisa!"

"Kila ukipiga, zinazeeka. Ngoja kesho."

Ikawa hivyo. Bwana Selwyn Tams, aliyekuwa amepata sauti aliyoitafuta maisha yake, alishinda Jumamosi yote amekalia mikono yake, akila chapati za oti na kuimba besi kwa mdomo, "dum-digi-dum, dum-digi-dum," mpaka Glenys akamtishia kumfungia chooni.

Jumapili saa tisa klabu ya wafanyakazi ilinuka bia ya jana na nta ya sakafu. Royston, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, alikuwa amepanga kila kitu kama kwenye mtihani wa serikali. Pazia la jukwaa lilishushwa. Ashden na Selwyn wangekaa nyuma ya pazia. Yeye, mpiga ngoma na mwimbaji wangekaa ukumbini na karatasi zao za kura. Glenys aliruhusiwa kutazama, lakini hakuruhusiwa kusema.

"Hiyo ni adhabu kubwa kuliko makosa yangu," alisema Glenys, akaketi.

Coralie alipewa kazi ya kurusha sarafu nyuma ya pazia, ili walio ukumbini wasijue nani kaanza. Ikaangukia Ashden. Alikuwa kijana mpole mwenye nywele za kufunga nyuma; alimpa Selwyn mkono, akabonyeza kisanduku chake, akapiga kifungu kile kigumu cha katikati ya "Harusi". Alipiga vizuri. Hakukosea hata mahali pamoja, na sauti ilikuwa ya Trask, safi, kamili, kila kitu mahali pake.

Coralie aliona Selwyn anakitoa kipande chake cha plastiki mfukoni.

"Namba mbili!" Royston aliita kutoka ukumbini.

Selwyn alifumba macho. Akapiga.

Chupa nyuma ya baa zilianza kuongea. Vumbi lilishuka kutoka juu ya pazia, likamwangukia Ashden begani, naye hakulipangusa. Alikuwa ameinama mbele kidogo, kama mtu aliyefungua dirisha la chumba chenye joto. Kifungu kilikwisha, lakini Selwyn hakusimama. Aliendelea hadi kifungu kinachofuata, na kutoka ukumbini mpiga ngoma, ambaye hakuwa ameombwa kitu, alisikika akipiga meza kwa viganja.

"Basi! Basi!" Royston alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka. "Karatasi za nini tena? Namba mbili! Jamani, huyo ndiye Trask! Santuri tupu! Nimesisimka mpaka kisigino. Sina haja ya kura. Selwyn, ndugu yangu, usinichukie, unasikia mwenyewe tofauti. Ashden, mwanangu, umetisha!"

Coralie akavuta kamba. Pazia likapanda.

Upande mmoja alikuwa Ashden, mikono mfukoni, gitaa lake liko sakafuni. Upande wa pili alikuwa Selwyn, jasho linamtoka, gumba bado liko juu ya uzi.

Mpiga ngoma ndiye aliyecheka kwanza. Kisha mwimbaji. Royston alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na kwa kuwa alikuwa daktari wa meno, Glenys akamwambia, "Fungua zaidi, bata, sioni ya nyuma."

"Mjomba," alisema Ashden kwa Royston, akicheka, "mimi nina picha yake. Huyu kaja na mwenyewe."

Royston alipanda jukwaani. Mtu akikosea mbele ya watu ana njia mbili, na alichagua iliyo bora: alimkumbatia Selwyn, na gitaa katikati yao likatoa mngurumo mmoja mkubwa uliowashtua wote.

"Utaniua, Selwyn. Miaka kumi na tisa, imekuwaje wiki moja?"

"Muulize huyo," alisema Selwyn. "Huyo ndiye mwenye masikio. Mimi nina kidole tu."

Wote wakageuka. Coralie alikuwa ameshika kamba ya pazia kwa mikono miwili, na kama kamba ile ingekuwa nene kidogo angejificha nyuma yake.

"Hebu njoo, bata," alisema Royston. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha hupenda kusifiwa. "Wiki nzima umekaa na wimbo wetu. Umeusikia mara ngapi?"

Coralie alionyesha vidole. Kumi, kisha kumi tena, kisha vinne.

"Watu wa Hanley watausikia mara moja tu, wewe mara ishirini na nne! Basi wewe ndiye mtaalamu. Tuambie kwa kinywa chako, usione haya, hapa sote ni ndugu. Unauonaje?"

Aliyatazama macho yao yote, yanayongoja, yanayong'aa. Alimtazama Selwyn, ambaye alimkonyeza kama kusema, ukweli tu, bata. Akavuta pumzi.

"Besi ni nzuri sana," alisema Coralie. "Lakini wimbo ni mrefu mno. Ungeishia dakika ya nane, hakuna ambaye angelalamika."